Anzeni Mahenge, Kisha Peramiho

Mama yangu ameishi Bombambili hapa Songea zaidi ya miaka 40, na hajawahi kuingia Makumbusho ya Majimaji pale mtaa wa Mahenge. Kwa bajaji ni mwendo mfupi tu. Peramiho, kilomita kama 24 kutoka mjini, amekwenda mara zisizohesabika. Alibatizwa huko, alijifungua wawili kati yetu katika hospitali ya huko, na amewahi kulala sakafuni wodini akimuuguza dada yake. Nilipomuuliza imekuwaje Mahenge hajafika, alinijibu, "Mwanangu, hakuna aliyewahi kuniambia twende."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Sisi wazazi wa Songea tunawafundisha watoto sala, tunawapeleka mafundisho ya komunyo na kipaimara, tunawanunulia nguo nyeupe, lakini wakituuliza imani hii ilifikaje hapa kwetu, tunajibu neno moja, "wamisionari", na mazungumzo yanaishia hapo. Hija kwetu ni jambo la mbali: Namugongo kule Uganda kila tarehe 3 Juni, au Bagamoyo penye msalaba wa mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868, na kwa aliyejaliwa, Roma na Yerusalemu. Sizikatai safari hizo. Ninachowaomba wenzangu ni kuanza na zile zinazofikika kwa nauli ya daladala, mkiwa familia nzima, bibi na wajukuu katika gari moja.

Wapo watu waliolifanya jambo hili kuwa desturi ya nyumbani, na nimejifunza kwao ingawa dini yao si yangu. Wamormoni wa Marekani, yaani waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, huwachukua watoto wao wakati wa likizo wakawaonyesha Palmyra katika jimbo la New York, mahali kanisa lao linapohesabu chimbuko lake, kisha Nauvoo, mji wa Illinois ambako wazee wao walifukuzwa, hadi Salt Lake City walikofika Julai 1847. Kati ya mwaka 1856 na 1860, waumini wapatao 3,000 walivuka nyika zile wakivuta mikokoteni kwa mikono, na wengi walikufa njiani kwa baridi na njaa. Leo vijana wao huvaa nguo za zamani na kuvuta mikokoteni kama ile kwa siku kadhaa. Nilichokipenda ni kwamba mtoto hapewi hotuba. Anapewa kitu cha kuvuta, na akichoka anauliza mwenyewe, "Kwa nini walikubali kuteseka hivi?" Hapo ndipo mzazi anapata nafasi ya kusema.

Basi na ninyi, kabla hamjafikiria gari, wapeni watoto kazi. Kazi ya kwanza inafanyika sebuleni. Mtafuteni mzee mmoja wa ukoo ambaye kumbukumbu zake bado ziko wazi, mkae naye alasiri moja, simu ikirekodi kwa ruhusa yake. Msimuulize habari za "historia", maana atawajibu kama anayejibu mtihani. Muulizeni alibatizwa na nani, msimamizi wake alikuwa nani, jina la nyumbani alilokuwa nalo kabla ya kuitwa Agnes au Gallus, na nani katika ukoo alikataa kubatizwa na alisema nini. Swali hilo la mwisho msiliruke. Kwetu ndilo lililofungua mlango: nilikuwa sijui kwamba babu mzaa bibi yangu alikataa hadi siku ya kufa kwake, na kwamba alizikwa mbali na wenzake.

Kisha tafuteni cheti cha ubatizo, hata kama ni karatasi iliyochanika, mkainakili namba ya daftari iliyoandikwa juu yake. Namba hiyo ni ufunguo. Parokia za zamani hutunza madaftari ya ubatizo, na katibu wa parokia akiwa na namba na mwaka hachukui muda mrefu kuupata mstari wenyewe. Bila namba mnampa kazi ya kufungua kurasa mia. Pigeni simu au pelekeni barua wiki mbili kabla, mkitaja jina na mwaka, wala msimvamie siku ya Jumapili anapohesabu sadaka. Mtoto wangu wa darasa la sita ndiye niliyempa daftari la safari na kalamu. Mdogo wake nilimpa kazi ya kumshika Bibi mkono kwenye ngazi.

Sasa njia. Najua wengi wataelekea Peramiho kwanza, kwa sababu ndiko wanakokujua. Nawasihi msifanye hivyo. Sisi safari ya kwanza tulianzia huko, na watoto walirudi wakiwa na picha ya nchi iliyokuwa tupu hadi siku wageni walipokuja kujenga. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyepanga ratiba. Anzeni Mahenge.

Pale makumbusho kuna kaburi la pamoja la mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Walikuwa 67, na mmoja wao ni Nkosi, yaani mtawala, Mputa Gama. Kaburi la Nduna Songea Mbano, mkuu aliyekuwa chini ya Nkosi na ambaye mji wetu umechukua jina lake, liko peke yake, kwa kuwa yeye aliuawa baada ya wenzake. Wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na ukoo wake unakitafuta hadi leo. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali hapo hapo, akakutana na wajukuu wa Nduna, akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliwatendea wazee wetu. Watoto wa Songea wana haki ya kujua kwamba rais wa nchi ya mbali alifunga safari kuja kuinama mahali ambapo wao hawajawahi kufika.

Waelezeni vita vyenyewe vya Majimaji kwa maneno machache yaliyonyooka. Vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kwa watu waliochoshwa na kodi na kulazimishwa kulima pamba. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa ya maji, na Omari Kinjala ndiye aliyeifikisha Ungoni. Wangoni wa Njelu chini ya Mputa walipigana, na wa Mshope chini ya Chabruma pia, ambaye hatimaye alivuka kwenda Msumbiji. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Wanahistoria hutaja idadi ya vifo kuanzia 75,000 hadi 300,000 kwa vita vyote. Mtoto mdogo hahitaji hesabu hizo. Anaweza kusimama karibu na kaburi na kusikia kwamba hawa walikuwa baba za watu, walikuwa na watoto wa umri wake.

Kuna jambo moja zito ambalo mtakutana nalo hapo, nanyi mjiandae. Baadhi ya viongozi wale, kabla ya kupelekwa kunyongwa, walibatizwa na padri Mbenediktini. Mtoto wangu mkubwa aliposikia aliniuliza, "Walitaka, au waliogopa?" Sikumjibu haraka, na nawashauri nanyi msijibu haraka. Nilimwambia kwamba mimi sikuwamo mioyoni mwao. Nikamwambia pia kwamba ubatizo wangu na wake ni wa maji yale yale, na kwamba ndiyo sababu nimemleta hapa kabla ya kumpeleka kanisani. Tulikaa kimya kidogo. Mkiwa na watoto wa umri tofauti, mzazi mmoja aende na wadogo kwenye sanamu na mikuki, mwingine abaki na wakubwa makaburini. Kuwafanya wote wasikilize kitu kimoja kwa pamoja ni kumchosha mdogo na kumkosesha mkubwa.

Siku hiyo msiongeze mahali pengine. Rudini nyumbani, mle, mlale.

Peramiho iwe siku nyingine, na afadhali iwe kuanzia asubuhi. Misheni ilianzishwa mwaka 1898 na Padri Cassian Spiss, Mbenediktini wa shirika la Mtakatifu Otilia la Bavaria. Waliokwisha kufika Mahenge watasikia kwa sikio jingine kile kinachofuata. Miaka michache baada ya misheni kuanza, padri mmoja wa Peramiho, Franziskus Leuthner, alichoma kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa, mahali Wangoni walipoiombea na kuiomba mizimu yao. Fikirini mtu akichoma kanisa la Bombambili. Vita vilipofika, Septemba 1905, misheni ya Peramiho iliteketezwa, na Padri Leuthner akauawa. Spiss mwenyewe, wakati huo akiwa askofu wa Dar es Salaam, alikuwa ameuawa tarehe 14 Agosti mwaka huo huo huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliokuwa wakisafiri naye kuja Peramiho.

Nawaambieni haya yote kwa sababu ukificha upande mmoja, upande wa pili unageuka hadithi ya uongo. Masista wale wawili hawakuchoma kibanda cha mtu. Nkosi Mputa naye hakuwa mtu aliyechukia dini bila sababu. Mtoto anaweza kuvibeba vyote viwili akisaidiwa. Katika nyumba zetu anaona kila siku watu wazuri wakikoseana.

Baada ya hapo waacheni watoto waone kilichojengwa juu ya majivu yale. Peramiho ilifanywa abasia mwaka 1931, chini ya Abate-Askofu Gallus Steiger, Mswisi, na kanisa kubwa mnaloliona lilijengwa kati ya mwaka 1943 na 1948, ujenzi ukianza katikati ya vita vya pili vya dunia, wakati vifaa vya kutoka nje vilikuwa taabu kupatikana. Waambieni watoto wazunguke kanisa lote kwa miguu kabla ya kuingia. Mtu akiingia moja kwa moja anaona mapambo. Akizunguka kwanza anahesabu matofali, na anaanza kujiuliza ni mikono ya nani iliyoyabeba. Jibu ni mikono ya babu zao, na hapo ndipo daftari la nyumbani linapofanya kazi: kama mzee wenu alitaja fundi, mpishi, mwalimu wa dini au mtu wa karakana, mtafuteni kwa jina. Wasimulizi wengi humkumbuka abate na kumsahau katekista, ilhali kijiji kwa kijiji ni makatekista waliotembea na kufundisha. Na wakati Wajerumani walipoondolewa na Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, ni wao waliobaki na waumini.

Fikeni pia kwenye makaburi ya watawa, msome tarehe. Waonyesheni watoto jinsi majina ya Kijerumani yanavyochanganyika polepole na majina ya kwetu. Mkiwa na muda, watajieni James Komba, mwana wa nchi hii aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Songea mwaka 1969, kisha askofu mkuu mwaka 1987. Mama yangu aliposikia jina hilo alianza kuimba wimbo wa Kilatini ambao sikuwahi kujua kwamba anaujua.

Mambo ya adabu nayataja upesi. Vaeni nguo za heshima. Kanga moja ya ziada kwenye mkoba haina uzito. Hospitali ni mahali pa wagonjwa, hivyo msipige picha huko. Watawa wana saa zao za sala, na kuwakuta wakiimba zaburi ni neema kubwa kwa familia iliyotulia: kaeni nyuma, zimeni simu, na aliye na mtoto mchanga akae karibu na mlango. Wabenediktini wameagizwa na kanuni yao kumpokea mgeni kama Kristo mwenyewe, nami nimeuona ukarimu huo, lakini mgeni mwema hutoa taarifa. Mkitaka kulala nyumba ya wageni, ombeni mapema na mseme mko wangapi kweli. Binamu aliyejitokeza asubuhi ya safari ni mdomo mmoja zaidi mezani.

Nyumba yetu ina madhehebu mawili. Baba watoto ni Mnyasa wa Liuli, Mwanglikana, na ingekuwa dhuluma kuwafundisha watoto kana kwamba nusu yao haina historia. Kwa hiyo safari ya tatu ni ya ziwani. Lami inakwenda kutoka Songea kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay. Njiani mtapita Kigonsera, misheni ya mwaka 1899, ambako Rais Benjamin Mkapa alisoma katika ujana wake, na kule Umatengo mtaona mashimo ya ngoro kwenye miteremko. Simamisheni gari, watoto washuke wayaone, maana ni elimu ya kilimo iliyokuwapo kabla ya misheni yoyote. Kutoka Mbamba Bay kuelekea Liuli ulizeni kwanza hali ya barabara, hasa kama mvua imenyesha. Dereva tuliyemkodi alituhakikishia gari ni zima, nasi hatukulikagua. Tulilala njiani na watoto wawili wenye homa. Tangu siku hiyo nakagua tairi la akiba kwa macho yangu kabla ya kutoa malipo ya awali.

Liuli amezikwa William Percival Johnson. Mwingereza huyu alikuja Afrika mwaka 1876 na Misheni ya Vyuo Vikuu ya Kianglikana, akafika ziwani miaka ya 1880, akapoteza karibu uwezo wote wa kuona, na bado akaendelea kutembea vijiji vya pwani ya Nyasa hadi alipofariki hapo Liuli mwaka 1928, akiwa na miaka 74. Aliitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Mtu asiyeona vizuri aliyehangaika na maandiko kiasi hicho ni mfano ambao watoto hawahitaji kuelezwa mara mbili. Babu mkwe wangu aliwahi kutusimulia kwamba wazazi wake walimtaja Johnson kama mtu wa ukoo.

Kwenye bandari hiyo hiyo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba mkubwa ulio hapo, meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ilishambuliwa Agosti 1914 na meli ya Kiingereza Gwendolen. Manahodha wa meli hizo mbili walikuwa marafiki, na yule Mjerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita vimetangazwa. Wavulana wangu waliipenda hadithi hii kuliko zote, nami sikuwanyima. Safari ya dini si lazima iwe ya huzuni kila saa.

Lakini kuhusu ziwa sina mchezo. Chauncy Maples, rafiki yake Johnson, aliyekuwa amewekwa wakfu kuwa askofu wa Likoma, alizama katika ziwa hili Septemba 1895 mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba usiku. Nyasa hubadilika ghafla. Mkialikwa kupanda mtumbwi au boti, kila mmoja avae jaketi la kuokolea, mtoto avae la ukubwa wake, na kama hayapo ya kutosha, kaeni ufukweni mle mbasa. Mwenye boti akisema "tunazunguka hapo karibu tu", jibu ni lile lile.

Majira mazuri ni Juni hadi Oktoba. Likizo ya Juni inafaa, ila huo ndio wakati wa baridi Songea, na asubuhi za Peramiho zinahitaji sweta na soksi, hasa kwa wazee. Desemba familia nyingi ziko nyumbani, lakini mvua imeshaanza. Tarehe 27 Februari kuna kumbukumbu ya mashujaa pale Mahenge, yenye umati, ngoma na hotuba. Ni siku nzuri ya kuona, si nzuri ya kuongea na mtoto kwa utulivu. Kuhusu fedha, gawanyeni mapema: nauli, chakula, kiingilio, sadaka, na fungu la dharura lisiloguswa. Bebeni viazi vya kuchemsha, mayai na maji. Nimeona safari nyingi za familia zikiharibika saa saba mchana kwa njaa tu. Na kama fedha hazitoshi kufika ziwani mwaka huu, Mahenge na Peramiho zinatosha; ziwa litawasubiri.

Kuna mahali pamoja ambapo hatujafika na ninapataja kwa hamu. Chipole, kwa masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, shirika la mabinti wa Kiafrika lililoanzishwa mwaka 1938. Masista hawa walijenga mtambo wa umeme wa maji pale Tulila, kwenye mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, ukaanza kuiuzia TANESCO umeme wakati mji wetu ulikuwa bado haujaunganishwa na gridi ya taifa. Binti yangu anataka kuwa mhandisi. Nataka amwone sista aliyevaa shela akimweleza habari za mitambo.

Tuliporudi kutoka Peramiho safari ya mwisho, mtoto alimsomea Bibi alichonakili kutoka daftari la ubatizo: tarehe, jina la padri, jina la msimamizi. Mama alimsimamisha kwenye jina la msimamizi. Alikuwa ni dada wa yule babu aliyekataa kubatizwa. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama pale Mahenge kuna ngazi nyingi, maana magoti yake hayampi raha. Mtoto alimwambia atamshika mkono. Tumekubaliana iwe Jumamosi, asubuhi, kabla jua halijawa kali, na bajaji imfuate mlangoni.